Jina la Kwenye Kitambulisho

Watu wakisikia kazi yangu huniuliza kama naweza kuwasafisha masikio. Siwezi. Sikio ni mlango tu, na mimi sishughuliki na milango, nashughulika na mwenye nyumba. Miaka ishirini na tisa nimechunguza ubongo unaifanyia nini sauti ikishaingia: unaitambuaje, unaipuuzaje, unajuaje kwamba hii inanihusu na ile haina habari na mimi. Nimesimamia wanafunzi hadi wengine wakawa maprofesa na kuanza kunibishia hadharani. Ukitaka kujua tabia yangu waulize hao. Watakwambia nina ulimi wa pilipili na sina simile na mzembe. Ni kweli. Lakini kosa ninalotaka kukueleza halikuwa la uzembe. Afadhali lingekuwa.

Tulizaliwa watatu: Dada, kisha Kaka, kisha mimi kitinda mimba. Mama alifariki nikiwa na miaka minne, Dada akiwa na kumi na sita, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyetuogesha, akatufokea, akatuchana nywele, akatudanganya kwamba ameshiba. Tulimwita Dada. Baba naye, kwa kutusikia sisi, akamwita Dada, mtoto wake wa kumzaa. Majirani wakamwita Dada, hata waliomzidi umri. Alipoajiriwa kupokea simu katika ofisi moja kubwa, kila aliyepiga alimwambia "dada, niunganishie na stoo", "dada, bosi yupo?", miaka thelathini na moja. Kwa "haloo" moja tu alikuwa anajua kama mtu ametoka kulia. Nikitoka shule nilikuwa naenda kumsubiri pale mezani kwake, namtazama anavyosikiliza. Nadhani kazi yangu yote ilianzia pale, ingawa kwenye hotuba huwa nasema ilianzia kwenye kitabu.

Kaka ni fundi makochi. Mtu mkimya, mkaidi, na mzuri wa roho akishatulia, ila kutulia kwenyewe ndiyo kazi. Yeye na Dada walikuwa hawasemezani kwa miaka sita. Baba alipozidiwa Dada alimpigia simu Kaka, na Kaka, kwa kuwa walikuwa wametoka kugombana kwa jambo dogo, akaikata. Akapiga tena, akakata. Mara ya tatu vilevile. Baba akafa anamuulizia. Baada ya maziko Dada alimwambia mbele yetu, bila kupaza sauti, "Simu yangu uliikata mara tatu." Kaka akamjibu, "Na wewe si mama yangu. Ulijipachika tu."

Nilikuwepo. Nilimwona Dada anavyolipokea lile neno. Aliinuka, akaenda kuosha vikombe, vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Basi, miaka sita baadaye Dada akapigwa na kiharusi, akaanguka bafuni. Hakuzinduka. Siku nyingine macho yalifunguka, lakini hayakumfuata mtu. Daktari wa wodi, kijana mstaarabu, alinichukulia kama mwenzake na kunieleza bila kuzunguka: sehemu kubwa imeharibika, hatarudi, ni suala la wiki. Hilo nilikuwa nimelisoma mwenyewe kwenye picha za kichwa chake. Kwa hiyo usije ukadhani hadithi hii inahusu kupona. Dada alikuwa anakufa, na sote tulijua.

Siku ya tano Kaka alikuja. Hakusogea kitandani. Alisimama mlangoni akamtazama, kisha akanivuta kwenye korido, karibu na mizani ya kupimia wagonjwa.

"Masikio," akasema. Ndivyo anavyoniita tangu utotoni. "Wewe ndiye mwenye elimu hiyo. Anasikia?"

"Sijui."

"Usiniambie hujui. Watu wanatoka mbali kuja kukuuliza wewe. Nipimie. Kama anasikia, nina neno la kumwambia."

"Si umwambie tu, Kaka. Itakudhuru nini?"

Alikuna kidevu. Mikono yake ina makovu madogo madogo ya sindano na misumari. "Nitalisema mara moja. Mara mbili siwezi. Nikilisema na yeye hayupo, nitakuwa nimelitupa jalalani. Nipimie, uniambie ukweli."

Nikaona ni ombi la haki. Na nikuambie ukweli wangu pia: nilifurahi. Miaka yote hiyo nimewapimia watu ndugu zao, leo angalau elimu ilikuwa na faida nyumbani kwetu. Daktari wa wodi aliniambia kwa adabu, "Profesa, kinyozi hajinyoi. Huoni afadhali apime mtu mwingine?" Nikamuuliza huyo mtu mwingine ni nani, maana wote nchini niliwafundisha mimi. Akacheka, akanipa ruhusa.

Kesho yake asubuhi nilifika na mashine, pamoja na fundi wa maabara yangu. Huyu tunamwita Waya. Ana mvi kunizidi, na ndiye mtu pekee kazini ambaye sijawahi kumfokea, kwa sababu hanipi nafasi. Tulimvisha Dada ile kofia yetu yenye nyaya sitini na nne, tukatia majimaji mazito chini ya kila waya ili ishike kichwani, tukamvisha visikizio. Tukaweka na kinasa sauti kando ya mto, ili baadaye mtu aone kama kuna kelele ya wodi iliyoingilia.

Jaribio lenyewe halina miujiza. Kwanza mgonjwa anasikilizishwa mlio mmoja, ti, ti, ti, ti, halafu ghafla to. Ubongo unaopokea sauti hushtuka kidogo kwenye ile to, hata mtu akiwa usingizini. Baadaye anasikilizishwa majina, sita, yamechanganywa, na moja ni lake. Mtu akisikia jina lake, kama theluthi ya sekunde baadaye wimbi linanyanyuka kwenye mchoro. Majina ya watu wengine hayaliinui hivyo. Wimbi moja peke yake halisemi kitu, maana ubongo una makelele yake kama soko, kwa hiyo unarudia mara nyingi na kuyapanga mawimbi moja juu ya jingine, makelele yanafutana, na kilicho cha kweli kinabaki.

Kanuni ya maabara yangu ni hii: jina lisomwe na mtu asiyemjua mgonjwa, na liwe lile lililo kwenye kitambulisho. Niliiandika mwenyewe, kwa sababu nilichoka na watu wanaokuja na rekodi ya mke analia "baba watoto, baba watoto", halafu wanatangaza kwamba mgonjwa ameitika. Ameitika nini, jina au kilio?

Waya alishika kitambulisho cha Dada, akakisoma, akakisoma tena.

"Kumbe hili ndilo jina lake? Miaka yote nakusikia unasema Dada tu."

"Sasa ulitaka tuweke 'dada'?" nikamwambia. "Kila mwanamke ni dada. Muuza nyanya ni dada. Nesi yule pale ni dada. Ubongo gani utashtuka kwa neno la kila mtu?"

"Mimi nimeuliza tu, Profesa."

"Na mimi nimejibu."

Jaribio likachukua dakika ishirini. Likaisha, Waya akaenda kutafuta maji ya uvuguvugu ya kumwosha Dada nywele, na kama ilivyo katika hospitali zote, maji yale yalikuwa na safari ndefu. Nilimvua visikizio, nikakaa naye. Nilizungumza naye kidogo, kama unavyozungumza na mtu wako mkiwa mnasubiri. Sikuhesabu. Maji yalipofika tukamwosha, tukamfuta, nikambana nywele vizuri.

Jioni ile nilifungua mchoro. Kwenye milio kulikuwa na mshtuko, mdogo lakini upo. Maana yake sauti ilikuwa inafika. Kwenye jina, hakuna kitu. Jina lake na majina ya watu watano wasiomhusu yalikuwa sawasawa, mstari ukilala juu ya mstari. Nilirudia hesabu mara tatu nikitafuta kosa, na sikuliona, kwa kuwa nilikuwa nalitafuta kwenye hesabu.

Kaka alikuja kesho yake. Alikuwa amevaa shati la kupiga pasi, yeye ambaye hata harusini huenda na fulana. Nikamwambia palepale kwenye korido.

"Mlango uko wazi, Kaka, lakini nyumbani hakuna mtu."

"Una hakika?"

"Nimepima."

Akatikisa kichwa polepole. Aliangalia chini, akafungua kifungo cha juu cha shati kama mtu aliyefika mwisho wa safari. "Basi," akasema. Akaniaga, akaenda zake kazini.

Baada ya hapo alikuja mara tatu, akaishia mlangoni. Na mimi? Mimi niliacha kuzungumza na Dada. Nilikuwa naingia, nasoma chati, nanyoosha shuka, natoka. Kulikuwa na nesi mmoja mwenye tabia ya kumwambia kila kitu: "tunakugeuza sasa", "nakupangusa uso", "leo mvua". Nilimwambia asijisumbue, hasikii. Nilidhani namsaidia. Yule nesi akaacha. Profesa amesema.

Dada alikaa katika kimya kile siku kumi na moja. Alifariki asubuhi, mimi nikiwa kwenye kikao cha mitaala tukibishana koma iwekwe wapi kwenye sentensi.

Miezi miwili ikapita. Nilirudi kazini haraka, maana mimi si mtu wa kukaa mkekani nikitazamwa. Siku moja baada ya chakula cha mchana Waya alibisha hodi. Alikuwa anahamisha mafaili ya mwaka ule kwenda kwenye hifadhi, na mengine yalikuwa makubwa kupita kiasi.

"Profesa, kuna faili moja la dakika thelathini na nane. Jaribio ni dakika ishirini. Naona siku ile tulisahau kuizima mashine." Hakusema ni la nani. "Nikate mkia?"

Nikamwambia aniachie.

Sikuwa na sababu ya kulifungua. Nadhani nilitaka tu kusikia ile wodi. Kinasa sauti kilikuwa kimeshika kila kitu: viatu vya Waya vikitoka, pazia likivutwa, kisha sauti yangu, ya chini, sauti ambayo hakuna mwanafunzi wangu anayeijua. "Dada, unaona nilivyokuvisha? Dada, umependeza, umekuwa kama mtambo wa simu. Dada, maji yanakuja. Samahani na hii baridi, Dada. Dada, Kaka amekuja. Alikuwa hapa jana. Dada, anataka kukwambia kitu, mpe nafasi, usimkatie maneno. Dada, unanisikia?" Na kuendelea hivyo, dakika kumi na nane.

Nilikaa nikilia kidogo, kilio cha kawaida. Kisha jicho likaenda chini ya sauti, kwenye mistari, kwa mazoea tu.

Nilifunga mlango kwa ufunguo. Nilitafuta kila mahali niliposema neno lile, nikaweka alama. Mara arobaini na moja. Kwa kulinganisha nikatafuta neno jingine nililolirudia sana, "sasa", nikaweka alama pia. Nikayapanga mawimbi, moja juu ya jingine, kama nilivyofanya kwa wagonjwa wengi ambao sikuwajua. Kwenye "sasa" mstari ulilala. Kwenye "Dada", theluthi ya sekunde baada ya neno, wimbi lilinyanyuka. Halikuwa kubwa. Lilikuwa pale tu, mahali pake hasa, kama mtu anayeinua kichwa akiitwa.

Jina la kwenye kitambulisho. Nani aliwahi kumwita kwa jina lile? Walimu wake wa shule ya msingi, na karani siku ya kujiandikisha. Marehemu mama, labda. Ndilo nililompelekea, kwa sauti ya mtu asiyemjua, nikasubiri aitike. Lake hasa nikaliita neno la kila mtu. Kwa wengine wote lilikuwa la kila mtu. Kwake yeye ndilo alilokuwa nalo.

Nikuambie kama mtu wa kazi hii: huo si uthibitisho. Halikuwa jaribio lililopangwa, sauti ilikuwa yangu, maneno hayakulingana. Makala kama ile angeniletea mtu mwingine ningemrudishia siku hiyo hiyo, na matusi juu. Nilijiambia hivyo kwa wiki nzima. Nilijiambia nikipika, nilijiambia nikifundisha. Nilifikiria pia kumwambia Waya akate ule mkia, na nani angejua? Wanaosema majuto ni mjukuu hawakusema kwamba mjukuu huyo huhamia kwako na mizigo yake. Siku ya nane nikachapa mchoro kwenye karatasi, nikaenda kwa Kaka.

Karakana yake ni chumba kirefu kinachonuka gundi na sponji. Alikuwa ameinamia kochi lililochunwa kitambaa, spring nje, na misumari midogo ameishika kwa midomo kama wafanyavyo mafundi hao. Aliponiona aliitema yote kiganjani.

"Masikio. Kuna nini?"

Nilimwambia. Sikuzungusha. Nilimwambia jina, kofia, mashine iliyosahauliwa, mara arobaini na moja. Nilimwonyesha mstari uliolala na mstari ulionyanyuka. Aliishika karatasi mbali na macho, maana miwani hakuwa nayo.

"Kwa hiyo hiki kidogo hapa."

"Hicho."

"Ndiyo yeye."

"Huenda ndiyo yeye. Siwezi kuapa, Kaka. Lakini nilikwambia nyumbani hakuna mtu, na sikutakiwa kusema vile. Nilikosea. Nimekukosea wewe na nimemkosea yeye."

Alikaa juu ya fremu ya kochi, akaketi vibaya, spring moja ikalia. Hakunifokea. Ningemshukuru kama angenifokea.

"Hizo dakika ulizokuwa unaongea naye," akasema, "ulimwambia nimekuja?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambia nina kitu cha kumwambia?"

"Nilimwambia akupe nafasi."

"Kwa hiyo alijua."

"Kama alisikia, alijua."

"Akasubiri."

Alikuwa anahesabu kwenye vidole vyake vyenye makovu, na mimi nilijua anahesabu siku gani, na alipofika kumi akaanza tena kidole cha kwanza, akasimama hapo.

"Nilivaa shati," akasema. "Ile siku. Nilikuwa nimelipanga lote, nimelifanyia mazoezi hapa, nayaambia makochi. Wateja wangenikuta wangenicheka." Akajaribu kucheka mwenyewe. "Na mara tatu nilifika mpaka mlangoni. Macho yake yalikuwa wazi. Nikasema, haya, sema tu. Halafu nikakumbuka, Masikio amepima."

"Kaka."

"Sikulaumu. Mimi ndiye niliyekuomba."

"Niambie mimi," nikasema. Nilikuwa nalia wazi sasa, pua inavuja, mtu mzima wa miaka hamsini na saba. "Hilo neno. Niambie mimi, hata kama ni bure, lisikubakie rohoni."

Alinitazama bila chuki. "Lilikuwa na mwenyewe," akasema.

Akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwa aproni, akaniambia niende nyumbani nikapumzike, nina sura ya kuugua. Akanisindikiza hadi mlangoni. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula, na tukaagana.

Nilifika kwenye gari nikagundua nimesahau mkoba juu ya benchi lake. Nikarudi. Mlango alikuwa ameurudishia tu, haukufungwa, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa niliposikia sauti yake ndani. Nikadhani kuna mteja. Hapakuwa na mteja. Alikuwa anasema peke yake, taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyesimama mbele ya mkubwa wake.

"Dada," akasema.

Kisha kimya. Nilisubiri. Nikasikia anavuta pumzi.

"Dada."

Kimya tena, kirefu zaidi. Akasafisha koo. Akaanza upya, na sauti ikakatika palepale ilipokatika mwanzo. Nilisimama pale sijui dakika ngapi, na mara zote alizoanza hakufika neno la pili. Niliuacha mkoba, nikaondoka kwa kunyata, ili asijue kwamba nilikuwa nasikia.